Rafu ya Vitabu Visivyoazimwa

Kendu Bay,
Jumapili, 9 Februari 2025,
mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Rongo.

Mwanangu Eucabeth,

Nakusalimu. Huku tu wazima wote isipokuwa baba yako Omanga, ambaye amenunua baiskeli akiwa na miaka sitini na sita, na sasa anachechemea huku akisingizia viatu. Mama yako amejitoa kwenye kwaya ya kanisa kwa mara nyingine. Sabato ijayo atarudi, maana hakuna mwingine anayeifikia ile sauti ya juu. Yeye anajua hivyo na kwaya inajua hivyo. Mimi nina goti tu. Nimekaa na Wajaluo hawa hadi ndoto zangu zinanijia kwa lugha yao, na ninazielewa.

Barua hii ataileta Mama Nyanchoka wa omena, ambaye akitoka kisiwa cha Remba na magunia ya dagaa wake hao hupitia hapa kabla ya kwenda soko la Rongo. Usishangae ikinuka. Najua una simu, nami ninayo, lakini simu ni ya kuambiana nani amekufa.

Baba yako ameniambia bodi ya shule imekuajiri uangalie maktaba. Alingoja nimalize chai ndipo akataja ni shule gani. Basi wewe umekalia kiti changu. Nilikuwa mkutubi wa shule hiyo miaka mingi kabla hujazaliwa, na kama kiti hakijabadilishwa, mguu wa nyuma wa kulia uwekee karatasi iliyokunjwa, la sivyo utaanguka mbele ya wasichana, na mkutubi aliyeanguka hawezi tena kumwambia mtu anyamaze.

Angalia mchwa chini ya rafu ya dirishani. Usikubali mtu mwingine awe na ufunguo: maktaba yenye funguo mbili ina wakutubi wawili, na mmoja wao huwa hapendi kusoma. Kanuni nilizoandika kwa rangi kwenye mlango, kama hawajazipaka juu, zisome kabla ya kuzifuata. Nyingine nilizitunga nikiwa na hasira.

Niambie pia mwenyekiti wa bodi siku hizi ni nani. Nauliza tu.

Baba yako mkubwa,
Obare


Rongo,
Alhamisi, 27 Februari 2025.

Baba Mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, nimepata chumba karibu na chuo kikuu, kina maji siku nyingi na jirani anayepika samaki kila siku. Mwambie Baba aiuze hiyo baiskeli kabla haijamuuza yeye. Mama mwambie nimesikia, na kwamba ninamngojea arudi kwenye kwaya.

Kiti bado kipo na kimeniangusha tayari. Barua yako ilichelewa siku moja.

Nilipofungua mlango wa maktaba sikukutana na vitabu, nilikutana na maharagwe. Magunia yamepangwa kutoka dirishani hadi kwenye rafu ya historia. Mpishi mkuu anasema ndicho chumba kikavu kuliko vyote shuleni. Vitabu viko nyuma, vimefunikwa vizuri kwa karatasi za nailoni, havina hata mkunjo. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Damaris, anajivunia sana.

"Tangu nije shule hii," aliniambia, "hakuna kitabu kimeraruka."

"Ni kwa sababu hakuna aliyevishika, Madam."

"Si hiyo ndiyo maana ya kutunza?"

Kanuni zake ni hizi: maktaba hufunguliwa Jumanne peke yake, kati ya michezo na chakula cha jioni. Msichana aje na kibali cha mwalimu. Asicheke. Asitoke na kitabu. Tangu nifike, aliyeingia bila kuitwa ni paka, naye alifuata panya wa maharagwe.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Bodi inakutana mwezi wa saba. Mpishi ameomba apewe chumba hiki moja kwa moja. Akipewa, vitabu vitaingia katoni na mkataba wangu utaisha, kwa maana shule haihitaji mkutubi wa maharagwe. Mwalimu mkuu hanichukii. Aliniambia waziwazi: "Eucabeth, nionyeshe wasichana wanasoma humo ndani, nitakutetea. Wasiposoma nitatetea maharagwe. Hayo angalau huliwa."

Kisha akasema: yule mkutubi wa zamani, kama yu hai, akija akasimama mbele ya bodi, wataona haya kuijaza maktaba yake magunia. Kutoka Kendu Bay hadi hapa ni safari ya asubuhi tu. Njoo, Baba Mkubwa. Nitakupikia mwenyewe.

Mwenyekiti wa bodi ni Mzee Machuki.

Mwanao,
Eucabeth


Kendu Bay,
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mwanangu Eucabeth,

Salamu. Mama yako amerudi kwenye kwaya. Baba yako ameanguka tena, safari hii mbele ya pasta, na amekuwa mnyenyekevu kuliko nilivyowahi kumwona. Kuku wangu mwekundu ameatamia, kwa hiyo siwezi kwenda mbali.

Uliniletea mambo mawili: wasichana wasome, na mimi nije. Nitajibu la kwanza.

Vitabu vimefunikwa kwa nailoni kwa sababu vinaogopewa, na msichana wa miaka kumi na sita hasogelei kitu ambacho mwalimu wake anakiogopa na papo hapo anataka akisome. Fanya hivi. Chagua vitabu ambavyo hakuna anayevitaka kabisa, lakini viwe vizuri: kile cha nyuki, atlasi kubwa, kile cha logarithimu chenye michoro, cha magonjwa ya mifugo. Vitoe nailoni. Viweke kwenye rafu ya karibu na mlango, mahali ambapo msichana anayekuja kumwita mwenzake lazima avione. Pitisha kamba mbele yake. Juu yake weka kibao: HAVIAZIMWI. Usiseme zaidi.

Wakikuuliza kwa nini, tazama dirisha kwanza, kisha urudie maneno ya kibao. Usidanganye. Ukisema vina mambo mabaya umeharibu, maana watoto hunusa uongo, na wakikuta logarithimu hawatakuamini tena hata siku moto ukiwaka. Usiseme kitu. Kazi yote watajifanyia wenyewe.

Kitabu kikiibwa usilie. Kikiibwa mara mbili, agiza nakala nyingine, maana huyo mwizi amekusaidia kuchagua.

Kuhusu kucheka: ruhusu. Ukimya wa mtu aliyezama kwenye kitabu huja wenyewe. Ule wa kuamrishwa ni wa matanga. Kama kanuni ya kwanza bado inasomeka mlangoni, irudishe kazini. Inasema kwamba anayeingia, awe nani, akae asome ukurasa mmoja kabla ya kusema neno. Niliitunga kwa ajili ya wakaguzi. Mtu aliyeketi hawezi kukagua kwa ukali sawa na aliyesimama.

Omba kwa upole maharagwe yasogezwe upande mmoja. Usiombe yatolewe. Ukiomba yatolewe watakumbuka kwamba yako pale.

Obare


Rongo,
Jumatano, 14 Mei 2025.

Baba Mkubwa,

Nakusalimu, na nimekukasirikia. Barua yako ilikaa wiki nzima ikimngoja Mama Nyanchoka atoke Remba, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kubwa na omena hawavuliwi. Ilipofika, kabla hata sijaifungua, Mama Nyanchoka akaniambia, "Amekataa kuja, lakini amekataa kwa adabu." Nikamuuliza amejuaje. Akasema bahasha ilifunguka yenyewe kwa joto la samaki.

Halafu Pasaka nilikuja nyumbani. Kila mtu alikuwepo, hata kuku mwekundu na vifaranga wake, ila wewe ulikuwa umeenda Homa Bay kupimwa macho. Unapimwa macho siku nne, Baba Mkubwa? Na ukipigiwa simu unasema "halo, halo, sisikii," kwa sauti ya mtu anayesikia vizuri sana.

Haya. Rafu.

Muhula ulipofunguliwa niliweka kamba. Siku ya kwanza hakuna lolote. Siku ya pili akaja Beverly wa kidato cha tatu, ambaye ndiye redio ya bweni lao.

"Madam, hizi zimefungwa kamba ziko na nini?"

Nikatazama dirisha.

"Haviazimwi."

"Kwani ziko na nini?"

"Soma kibao."

"Kibao haisemi kwa nini."

"Basi na mimi sisemi."

Akasimama pale akikuna shingo. "Sasa Madam, mtu akisoma tu hapa hapa, bila kuazima?"

"Ukurasa mmoja."

Kesho yake alikuja na bweni lote. Walikaa juu ya magunia ya maharagwe kwa sababu viti havikutosha, wakisoma jinsi nyuki anavyomwonyesha mwenzake njia ya maua kwa kucheza, na walikuwa wakisoma kwa kunong'ona na kutazama mlango, kama watu wanaogawana mandazi yaliyoibwa. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba tufungue kila siku. Alikuja kuchungulia dirishani, akarudi ofisini, na jioni akatuma ruhusa.

Kisha Madam Damaris akafanya msako wa bweni. Chini ya godoro la msichana anayeitwa Orpah akapata kile kitabu cha nyuki. Akaniita ofisini, kitabu kiko mezani, amekigeuza kifudifudi.

"Kwa nini hii ilikuwa imekatazwa?"

"Haikukatazwa, Madam. Haiazimwi."

"Na kwa nini mtoto ameificha chini ya godoro? Mtu hafichi kitu safi." Akafungua kurasa, akafunga. "Sijaona hiyo uchafu yenyewe. Itakuwa iko katikati."

Akaenda nacho nyumbani kuutafuta huo uchafu. Akakaa nacho kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Alipokirudisha alinivuta kando karibu na bomba la maji, akaniuliza taratibu: "Eucabeth, kumbe malkia wa nyuki hatawali kitu chochote? Ni kutaga tu?" Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jamaa yake.

Lakini ubaya ulikuwa umeshafanyika. Kabla ya kukisoma alikuwa amemwandikia mwenyekiti kwamba maktaba ina rafu ya vitabu vilivyokatazwa. Sasa Mzee Machuki anakuja mwenyewe kukagua mwezi wa sita, na mpishi anamsubiri kwa furaha.

Mwalimu mkuu alinituma nyumbani kwa mwenyekiti nimsalimu kabla hajaja. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Omanga. "Omanga yupi?" Nikasema ndugu ya Obare aliyekuwa mkutubi. Mzee alisimama. Aligeuka akatazama zizi lake la ng'ombe kwa muda mrefu, kisha akaenda akakata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko mimi, akaniwekea miguuni. Zizi limeezekwa mabati ya zamani ya rangi ya bluu, yana matundu ya misumari mahali ambapo hakuna mbao chini yake, kama mabati yaliyokuwa juu ya nyumba nyingine kwanza.

Baba Mkubwa, wewe na huyu mzee mlijuana?

Eucabeth


Kendu Bay,
Jumapili, 1 Juni 2025.

Mwanangu Eucabeth,

Salamu nyingi. Vifaranga wote wapo isipokuwa mmoja aliyechukuliwa na mwewe. Baba yako ameuza baiskeli kwa mtu wa Oyugis, na jana nilimkuta barabarani akiitazama baiskeli ya mtu mwingine kwa macho mabaya. Mama yako anaimba vizuri mpaka wanakwaya wengine wamekasirika. Macho yangu daktari ameyaona ni mazuri. Nimeanza kuziba bahasha kwa nta ya mshumaa. Msalimie Mama Nyanchoka.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Mvua mwaka huu imenyesha vizuri.

Akija huyo mwenyekiti, usifiche rafu wala usiondoe kamba. Usimweleze kitu. Mwonyeshe kanuni ya kwanza na umngoje akae. Mketishe mbali na dirisha, maana jicho lake la kushoto hutoa machozi kwenye mwanga, naye akitoa machozi mbele ya watu hukasirika. Chai isiwe na maziwa. Cha magonjwa ya mifugo, kile chenye jalada la kijani, kiwe upande wa mkono wake wa kulia, na usimpe. Akichukue mwenyewe.

Akitaka kutoka nacho, hapo sina ushauri. Kamba ni yako.

Obare


Rongo,
Alhamisi, 17 Julai 2025.

Baba Mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mama Nyanchoka anakusalimu pia na anasema ile nta imemvunja moyo, kwa hiyo safari hii nimemsomea barua mwenyewe kabla ya kuifunga, atulie.

Jicho la kushoto. Chai isiyo na maziwa. Umeandika ukurasa mzima wa kutojibu swali langu na ukalijibu mara mbili.

Alikuja Jumanne ya katikati ya mwezi wa sita, na fimbo, mwalimu mkuu na Madam Damaris nyuma yake, na mpishi nyuma ya wote akiwa amevaa aproni safi. Wasichana walikuwa juu ya magunia. Hakuna aliyesimama, nilikuwa nimewaambia wasome tu.

"Nionyeshe hivyo vitabu vibaya," akasema.

"Karibu, Mzee. Kwanza ukae."

"Sikuja kukaa."

"Ni kanuni ya kwanza. Iko mlangoni."

Akarudi hadi mlangoni, akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Huu mwandiko ni wa Obare." Akaja akakaa, mbali na dirisha. Aliikubali chai. Aliangalia rafu, akaangalia kibao, akaangalia kamba, kisha mkono wake ukapita chini ya kamba kama mkono wa mtoto kwenye sufuria, ukatoka na kitabu cha kijani.

Alisoma ukurasa mmoja. Nikasubiri aseme. Akageuza. Ilikuwa sura ya ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe. Wakati mmoja akasema "Hm!" kwa nguvu mpaka Orpah akaruka. Mwalimu mkuu alichoka kusimama akakaa. Madam Damaris akakaa. Mpishi akakaa juu ya gunia lake mwenyewe, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, nikamwekea atlasi mapajani.

Mwishowe mzee akainuka, kitabu kwapani.

"Hii nitaenda nayo."

Baba Mkubwa, nilikuwa najua kazi yangu iko ndani ya mfuko wa shati lake. Nilijua pia wasichana wote wamenyanyua macho. Mimi nilikuwa nimemkatalia Beverly kila siku tangu mwezi wa tano. Nilitaka kutazama dirisha lakini shingo ilikataa.

"Haiazimwi, Mzee."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ninajua, Mzee. Na kesho tunafungua baada ya michezo."

Nyuma ya magunia mtu alipumua vibaya. Nadhani alikuwa Beverly akimeza kicheko. Madam Damaris akaingilia, uso mkavu: "Ndivyo sheria ilivyo, Mzee. Hata mimi hawajawahi kuniachia kitoke." Nikamtazama. Yeye hakunitazama.

Mzee akaweka kitabu juu ya meza, taratibu sana, akatoka fimbo ikigonga sakafu. Mpishi akarudisha atlasi akiwa anatabasamu. Jioni hiyo nilianza kukunja nguo zangu.

Kesho yake, baada ya michezo, nilisikia fimbo. Akaingia, akakaa pale pale, akaanza alipoachia. Keshokutwa yake tena. Alifika mahali akawa anawauliza wasichana maana ya maneno ya Kiingereza, nao wanamuuliza kama ni kweli ng'ombe akiumwa hivi hutoa ulimi hivi, na siku moja alimwonyesha Orpah kwa ulimi wake mwenyewe jinsi ulivyo. Walicheka mpaka walinzi wakaja.

Bodi imekutana juzi. Mwalimu mkuu amenisimulia. Mpishi alizungumza vizuri juu ya ukavu na wadudu, akapigiwa makofi. Ikafika zamu ya mwenyekiti. Akasema: "Maharagwe yatafutiwe pa kwenda. Mimi sijafika sura ya kupe." Watu wakacheka, wakafikiri ni mzaha. Akawangoja wamalize, akasema iandikwe. Imeandikwa. Maktaba imebaki maktaba, na mkataba wangu umeongezwa.

Kuna jingine. Wiki iliyopita zizi la Mzee Machuki lilikuwa wazi, ng'ombe wanatazama mbingu. Mabati ya bluu yameletwa shuleni kwa mkokoteni, yamepangwa nyuma ya jiko. Yatatumika kuezeka stoo ya maharagwe. Hakumwambia mtu yametoka wapi. Aliniita kando akasema, "Mwandikie Obare. Mwambie yameletwa." Nikamngoja aendelee. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi na tulikuwa kivulini.

Siku ya zawadi imesogezwa hadi mwezi wa tisa ili uweze kuja. Wanataka kuandika jina lako juu ya mlango. Mzee Machuki anasema atakuja Kendu Bay kukuchukua kwa gari la mwanawe, na ataomba msamaha njiani. Neno hilo la mwisho hakulisema, nimeliongeza mimi, lakini ukiona jinsi alivyokuwa ameshika fimbo ungeliongeza pia.

Jibu, Baba Mkubwa. Nataka ndiyo au hapana. Goti usinitajie. Kuku usinitajie.

Mwanao,
Eucabeth


Kendu Bay,
Jumapili, 3 Agosti 2025.

Mwanangu Eucabeth,

Salamu. Tu wazima. Mama yako alipiga vigelegele aliposikia, majirani wakaja wakidhani kuna harusi. Baba yako aliisoma barua yako mara mbili, kisha akatoka kwenda ziwani peke yake. Yeye alibeba upande mmoja wa kabati tulipohama.

Nimecheka hiyo sura ya kupe hadi nikakohoa. Mwache Machuki amalize. Akimaliza, mwazime kitabu hicho aende nacho nyumbani, kwa muda ule ule unaompa msichana yeyote, na akichelewesha mwandikie barua ya kumkumbusha kama ungemwandikia Beverly. Kamba ihamishe kila muhula, weka mbele ya vitabu vingine. Ikikaa mahali pamoja watagundua kwamba nyuma yake hakuna kitu, au watagundua kwamba kipo, na hiyo ni mbaya zaidi. Orpah mpe kazi ya kupanga atlasi. Mtu anayeficha kitabu chini ya godoro ndiye wa kumpa rafu. Madam Damaris mtafutie kitabu cha mchwa. Huko yupo malkia mwingine wa kumsikitisha.

Jina langu lisiandikwe mlangoni. Kuna rangi yangu ya kutosha pale.

Ulipomkatalia yule mzee, mimi nisingeweza. Nilimjua kupita kiasi, ningempa kitabu, na leo ungekuwa unauza omena na Nyanchoka. Nilikuachia kamba kwa sababu hiyo, na sikukuambia kwa sababu ungeogopa.

Sasa swali lako. Goti langu halina kitu.

Mimi na Machuki tulinunua mashamba pamoja, tukapakana, tukajenga mwezi mmoja, nyumba yangu nikaiezeka mabati ya bluu. Yale ya ugomvi wa mpaka na ya ukoo wake kututaka tuhame siyaandiki. Waliokuwepo wanayajua na waliobaki wamezeeka. Nitakuandikia asubuhi moja tu. Tulipakia vitu kwenye lori, mimi, baba yako, na mama yako akiwa bado bibi harusi. Watu walikuwa wamesimama barabarani pande zote mbili. Wengi wao nilikuwa nimewafundisha kushika kitabu. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyerusha jiwe. Walisimama kimya mpaka lori likapita kona. Nimewahi kuambiwa kwamba tulikuwa na bahati.

Nikija mwezi wa tisa watapiga makofi. Watapiga kwa moyo, najua, nami itanibidi niiname na kushukuru, kisha tutakula wali, na jioni kila mtu atakwenda kulala akiwa amemaliza jambo hili. Sina chuki nao. Lakini sitaki limalizike kwa wali.

Mwambie Machuki nimesikia kwamba mabati yameletwa. Mwambie hivyo tu, kwa maneno hayo hayo, na umtazame usoni unapomwambia. Asije na gari. Barabara hii tuijuavyo, atafika amechoka, na tutakaa wazee wawili tunatazama ziwa bila la kusema. Akitaka kuandika, anajua kuandika, na Nyanchoka ana nafasi ndani ya gunia.

Wewe nakusubiri Desemba. Safari hii nitakuwa nyumbani.

Maktaba ni yako. Mimi nimeshachagua mahali pa kuzikwa hapa Kendu Bay, baba yako amepaona. Rongo sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Obare